Mwambie Baba Yako

Mwaka huu nilishuka Mikumi asubuhi, nikitokea Iringa, nikaingia kwenye mgahawa mmoja wa kando ya barabara kunywa chai huku nikisubiri gari la kwenda upande wa Kilosa. Malori yalikuwa yamepangana nje, madereva wananawa nyuso kwenye ndoo, moshi wa dizeli unachanganyika na harufu ya chapati. Meza ya jirani walikaa mume, mke, na binti yao wa kama miaka tisa. Mke akamimina chai, akamwambia yule mtoto, "Mwambie baba yako chai tayari." Baba mtu alikuwa pale pale. Angenyoosha mkono angemgusa mkewe bega. Mtoto akageuka, akasema, "Baba, chai tayari." Naye baba akajibu, "Mwambie sinywi."

Sikumaliza chapati yangu, rafiki yangu. Nilimtazama yule binti nikajiona mwenyewe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mwaka wetu wa kwanza bondeni.

Sisi tulikuwa watu wa mwinuko, juu ya mbuga ya Tindiga, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali na kila boma lilikuwa na mafenesi yake na migomba yake. Ukitaka chumvi kwa jirani ulitembea hadi ukasahau ulichotumwa. Asubuhi niliamshwa na kinu cha Bibi, mama yake Baba, ambaye alikuwa na neno na kila kitu. Aliongea na kuku, aliongea na chungu kikichelewa kuchemka. Alitusemesha kwa Kisagara, sisi tukamjibu nusu Kisagara nusu Kiswahili cha shule, naye akasema tunaongea kama watu wenye chakula kinywani. Tulikula ugali kwa mlenda, siku nyingine kwa kambare mkavu, na fenesi likiiva utomvu wake haukutoka mikononi hadi ujipake mafuta.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kilipokuja kipindi cha watu kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, yeye ndiye aliyepita boma hadi boma kuwaambia watu mema ya huko tunakokwenda. Shule itakuwa karibu, bomba la maji litakuja, na zahanati pia. Baba alikuwa na sauti nzuri ya kusema mbele za watu, na alipenda kuitumia. Mama hakutaka kuhama. Alisema mara moja tu, akiwa anakwangua sufuria, kwamba ardhi ile ya chini ina matete mengi mno. Baba akacheka, akasema matete yatafyekwa.

Tulihama kiangazi. Lori lilibeba miti ya mapaa yetu, na sisi juu yake, Bibi amekumbatia kinu kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Tukajenga nyumba za udongo kwenye mistari iliyonyooka. Kwa sisi watoto ilikuwa sherehe. Michezo ilijaa, kengele ya shule ilisikika hadi kitandani, na mwalimu alitufundisha nyimbo za kupalilia tukienda shamba la kijiji. Siwezi kusema uongo kwamba sikufurahi.

Mvua za mwanzo wa mwaka zilikuja kwa fujo. Alfajiri moja Bibi alishusha mguu kitandani akakanyaga maji. Kulipopambazuka, mistari yote ilikuwa ndani ya mto. Kuta zililowa zikaanza kukaa chini taratibu, kama ng'ombe anavyolala. Watu walikimbilia ghala la kijiji, lililojengwa juu ya kifusi, tukabanana humo na mbuzi na magunia na wagonjwa. Jirani yetu wa mstari wa nyuma, ambaye Baba alimshawishi kwa siku nyingi hadi akakubali kuhama, alimpoteza mama yake katika maji hayo. Tulimsikia yule jirani akimwita mama yake kutoka juu ya paa.

Maji tuliyokunywa pale ghalani yalikuwa yale yale yaliyotuzunguka. Watoto wakaanza kuharisha. Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu, alikauka midomo ndani ya siku chache. Mama akamfunga mgongoni, Baba akachukua baiskeli, wakaondoka kwenda hospitali Kilosa. Mimi nilibaki na Bibi. Walirudi kesho yake jioni, Baba akikokota baiskeli, Mama nyuma yake, mtoto kifuani amefunikwa kanga yote hadi uso. Baba aliwaambia watu kwamba mtoto alikata roho upande wa pili wa mto, baada ya wao kuvuka, karibu kabisa wafike. Mama hakusema chochote. Hata tulipozika hakulia. Alishika jembe la mtu mwingine lililokuwa limeegemezwa pale, akalishika mpaka dua ikaisha.

Tangu hapo Mama hakumsemesha Baba.

Usidhani ilikuwa ugomvi. Hakuna sahani iliyovunjwa. Alipika, alifua, aliamka kabla ya Baba ili awashe moto. Ila maneno yote yalipitia kwangu. "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." "Mwambie baba yako jembe linahitaji mpini." Naye Baba, mtu mwenye sauti ile, akajibu chini chini kupitia kwangu vile vile. Nyumba tuliyojenga upya pale pale ilikuwa ndogo, walisikiana vizuri kabisa, lakini ilikuwa lazima neno lipite kinywani mwangu kwanza. Mama aliposema, "Mwambie chakula tayari," mimi niliongeza, "Baba, Mama anasema pole na kazi, karibu chakula." Nilitaka neno lifike na joto kidogo. Baba alinitazama, akasema, "Mwambie ahsante." Bibi alikuwa ukutani akishona mkeka, na yeye aliyekuwa akisema hadi na vyungu sasa alipitisha kutwa nzima na ukindu wake bila sauti. Usiombe kukaa katika nyumba kama hiyo. Kila mtu anapumua lakini hakuna anayeishi.

Mpunga mwaka ule ulikubali sana. Mto uliotuvunjia nyumba ulikuwa umeacha tope jeusi, na mashina yakabeba masuke mazito. Ulipoanza kuiva, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la nyasi, tukipiga makopo na kurusha mawe kwa teo, kuanzia ndege wanapoamka. Baba alinisaidia siku ambazo hakukuwa na mikutano. Hatukuongea sana. Alinichongea kipande cha muwa, nikatafuna, tukatazama ndege wakipanda na kushuka kama moshi.

Mchana mmoja Mama alikuja na kopo la uji na pepeta, ule mchele mchanga uliokaangwa ukatwangwa, ambao harufu yake sijapata kuisikia tena popote. Kabla hajageuka kurudi, ikashuka moja ya mvua za mwisho za masika, nzito, yenye upepo. Hakuwa na pa kwenda. Akapanda dunguni. Tukawa watatu chini ya kipaa kile kidogo, magoti yanagusana, mimi katikati.

Mama akasema, akitazama mvua, "Mwambie baba yako anywe uji, unapoa."

Sijui nini kilinikuta. Huenda ni uchovu tu. Nilinyamaza.

"Wewe, husikii?"

"Nasikia, Mama," nikasema. "Na yeye amesikia. Yuko hapa."

Kwa malezi yetu, mtoto hakumjibu mama yake hivyo. Nikajikunja nikisubiri kofi. Kofi halikuja. Mvua ilipiga nyasi juu yetu, na maji yakaanza kupenya na kunidondokea shingoni.

"Mtoto amechoka," Baba akasema.

"Kila mtu amechoka," akasema Mama. Aliyaambia mashina ya mpunga, lakini hakumtaja mtu wa kuyapeleka maneno hayo.

Baba akavuta pumzi. "Mama watoto."

"Watoto gani? Nimebaki na mmoja."

Nilitamani kuruka chini nikimbie. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kuna kitu unataka kuniuliza tangu siku ile," alisema. "Niulize."

Mama aliacha kutazama mvua. Kisha akageuka, akamtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya miezi yote ile.

"Ulijua maji yanafika pale?"

"Nilijua."

Hakusitasita. Alisema kama mtu anayetua mzigo. "Nilikuwa mdogo kama huyu. Marehemu baba yangu alinileta huku kuvua kambare, akanionyesha tope lililokaukia kwenye mti, juu ya kichwa chake. Akaniambia mto huu una mwaka wake, ukitaka unafika hapa. Mkutanoni walipouliza kama mahali panafaa, nilikaa mbele kabisa. Nikasimama, nikasema panafaa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Kuna mzee aliuliza swali dogo tu, wakamwita mpinga maendeleo mbele ya watu wote." Akafuta uso kwa kiganja. "Na si woga peke yake. Nilipenda. Nilipenda wakubwa wanishike mkono, waniite balozi. Nilijiambia huenda mwaka huo wa mto hautakuja sisi tukiwa hai."

Nilidhani Mama atapiga kelele. Hakupiga. Alianza kuvuta uzi mmoja uliochomoka kwenye pindo la kanga yake, akauvuta, akauvuta.

"Na mimi nina langu," alisema. "Pale mtoni, mtoto alikuwa ameshakufa."

Baba akamtazama bila kuelewa.

"Kabla hujaingia majini. Nilimhisi mgongoni. Alikuwa ananishika, halafu akalegea. Nikajua. Wewe ukavua shati ukaingia kupima kina, maji yakakufika kifuani, gogo likapita karibu yako, na mimi nimesimama ukingoni natazama. Ningeweza kukuita, nikwambie rudi, hakuna tena pa kwenda. Sikukuita." Uzi wa kanga ukakatika vidoleni mwake. "Nilitaka yakuchukue."

Ndege walikuwa wamejificha na mvua. Hakuna aliyepiga kopo. Baba alianza kulia, na mimi sikuwahi kumwona mwanamume mtu mzima akilia, sikujua kwamba mabega hutikisika vile. Mama naye akalia, kile kilio alichokuwa amekiweka tangu makaburini, kirefu, cha kutoka tumboni. Mimi nilikuwa katikati yao, nimelowa, nikilia kwa sababu wao walilia.

Baadaye kabisa Mama alichukua kopo kwa mkono wake mwenyewe, akampa.

"Kunywa," alimwambia. "Umeshapoa, lakini kunywa."

Nikuambie ukweli, baada ya siku ile hawakuanza kuishi kwa amani. Waligombana kuliko zamani. Kuna siku Mama alipokumbuka aliacha kutwanga katikati, akamfuata Baba hadi kwenye banda la mbuzi kumwambia upya. Naye Baba kuna siku hakuweza kumtazama, na alimwambia hivyo: leo siwezi kukutazama. Lakini waliambiana. Jioni, kabla jua halijazama, walikaa nje, Mama anamenya kunde, Baba anasuka kamba, wakaongea mambo ambayo nadhani hawakuwahi kuongea tangu waoane. Nilimsikia Mama akisema alivyoogopa siku aliyoletwa kama bibi harusi. Nilimsikia Baba akisema hakutaka kamwe kuwa mkulima. Bibi alipata tena ulimi wake, akasema hawa watu wamegeuka kasuku, nami nilimwona akitabasamu juu ya mkeka wake.

Na mimi niliingizwa katika maongezi hayo. Nilitoka shule, Baba akauliza, "Habari za shule?" Nikajibu, "Nzuri." Akasema, "Hiyo ni salamu. Nakuuliza habari." Akasubiri. Ilibidi nitafute ndani yangu kuna nini hasa, nimwambie kwamba mwalimu alinichapa, au namwota mdogo wangu akiwa amelowa. Hakuniambia niache kuota. Alisema yeye pia anamwota.

Kisha Baba akaenda mkutanoni. Mama alimwuliza kama ana hakika, akasema hana, lakini anakwenda. Nilikuwepo, nimekaa chini na watoto wenzangu. Alisimama mahali pale pale pa mbele akasema kwa sauti yake nzuri kwamba alijua kuhusu maji, kwamba alinyamaza, na kwamba mto utarudi, hivyo watu waruhusiwe kupandisha nyumba zao juu. Hakumsingizia mtu mwingine yeyote. Viongozi waliokuwa mezani walitazamana. Mmoja akasema kauli hiyo ni ya kuvunja watu moyo.

Jirani yetu, yule aliyempoteza mama yake, akainuka. Watu wakampisha, wakidhani anakwenda kumpiga Baba. Alifika mbele yake, akasimama.

"Ungekaa kimya," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali kwamba ni kazi ya Mungu. Sasa nitafanya nini na jambo hili?"

Jirani akatoka, na kuanzia siku ile hakuitikia salamu ya Baba tena. Wengi walimfuata. Ubalozi alinyang'anywa wiki ile ile. Ruhusa ya kuhamia juu haikutolewa. Tuliambiwa tuinue misingi. Wanawake kisimani walimwachia Mama nafasi kubwa kuliko alivyohitaji. Ndiyo, rafiki yangu, ukweli ulitugharimu, na hadi leo sijui kama ulimsaidia mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Ndani ya nyumba yetu tulikuwa tunapumua.

Kiangazi kilichofuata Baba alianza kukohoa. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyuma. Zamani zile mtoto hakuambiwa kitu kuhusu kifo. Mzazi akifa uliambiwa amesafiri, ukabaki unatazama njia. Shangazi na majirani wachache waliokuja kuona mgonjwa waliniambia baba yako atapona, wewe soma tu. Asubuhi moja alikuwa ameletwa nje juani, kwenye kitanda cha kamba, mifupa ya miguu ikionekana yote. Nikamwuliza mwenyewe.

"Baba, utapona?"

Akamtazama Mama aliyekuwa anapepeta mchele. Mama akaacha ungo ukatulia mikononi, akaitikia kwa kichwa.

"Hapana," Baba akaniambia. "Sitapona."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Asubuhi naogopa kidogo, jioni naogopa sana. Ndiyo maana napenda ukija kukaa nami jioni."

Basi nilikwenda kila jioni. Nilimshika mkono, nikamweleza habari, habari hasa, naye akanieleza zake hadi pumzi ikawa haitoshi. Alipofariki, sikutazama njia. Nilijua alipo. Jirani alikuja kuchimba kaburi. Alichimba tangu mwanzo hadi mwisho bila kumpisha mtu, bila kusema neno na yeyote, akakung'uta mikono akaenda zake. Mama alimtazama akiondoka, akasema angeongea maumivu yake yangepungua.

Mama na mimi na Bibi tulikwenda kuishi kwa mjomba wangu, kijiji cha Mvumi. Bibi alizikwa huko. Mama aliishi hadi uzeeni na hakuolewa tena. Aliwahi kuniambia alikaa na mume miaka mingi, lakini aliyemzika alimfahamu kwa mwaka mmoja na kidogo tu. Hakusema kwa uchungu. Alisema wapo ambao hawapati hata huo.

Sasa yeye naye ameondoka, na hiyo ndiyo sababu ya safari yangu mwaka huu. Nilitaka kuona makaburi ya bondeni kabla nami sijashindwa kutembea. Kijiji hakipo. Mto ulirudi, kama alivyosema, zaidi ya mara moja, na watu walipanda juu wenyewe kimyakimya, bila ruhusa ya mtu. Mistari ya nyumba imekuwa malisho. Ghala limebaki kifusi chenye miiba. Nilizunguka hadi jua likawa kali, nikitafuta vilima viwili, kimoja kirefu, kimoja kifupi, na kila mahali palikuwa sawa, nyayo za ng'ombe na majani.

Binti mmoja wa wafugaji aliyekuwa anachunga pale alinijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unatafuta nini?"

Nikamwambia natafuta kaburi la baba yangu na la mdogo wangu. Alishtuka, akatazama ng'ombe wake, akatazama chini ya miguu yake. Akasema hawakujua kama hapa kuna watu. Alianza kuwaita ng'ombe wasogee, nikamwambia awaache, kwani hata mimi sijui wasogee waende wapi.

Akakaa nami chini. Akaniuliza huyo mdogo wako alikuwa na umri gani, alikuwaje. Hajawahi mtu kuniuliza. Nikamwambia alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Alikuwa na maneno machache, mama, maji, na jina langu, ambalo alilikata katikati akabaki na mwisho wake. Aliyatamka kwa kuvuta, akitucheka.

Binti akaniomba nimwigizie. Nikajaribu. Sauti ile bado ninaisikia vizuri, lakini haikutoka. Wote walioisikia wamekufa, nimebaki mimi.